Shajara ya mradi: kuvunja kiwewe cha shabaha

8 Januari. Nakiri

Leo nimepiga mishale 60 kwa mita 18 nikapata 447 kati ya 600. Mwaka jana siku kama hizi nilikuwa naandika 531 na kulalamika. Upinde ni uleule, mabawa (zile sehemu mbili za upinde zinazopinda ukivuta) ni yaleyale, ya pauni 36 za nguvu ya kuvuta, mishale ileile. Kwa miezi minne nimekuwa nikisema ni bega, ni usingizi, ni ugwe wa upinde umechakaa. Ugwe nimeubadilisha. Naomba niite jambo kwa jina lake: nina kiwewe cha shabaha.

Nieleze changu kilivyo, maana kila mgonjwa ana aina yake. Napiga upinde wa mtindo wa Olimpiki, wenye kilengeo na klika. Klika, kwa asiyeijua, ni kibati chembamba kilichofungwa kwenye mpini. Mshale unapita chini yake, na ncha ikivutwa hadi ikatoka, kibati kinagonga mpini na kulia "tik". Mlio huo ndio ruhusa ya kuachia. Mimi navuta vizuri, mkono unafika kidevuni, nainua kilengeo kuelekea duara la njano la katikati ya shabaha. Kikifika kwenye nyekundu ya chini kinagoma. Naweza kukipeleka kushoto, kulia, hata nje ya karatasi, lakini kwenye njano hakiingii, kama kwamba kuna mtu ameushika mkono wangu. Halafu ghafla bega linajitupa juu, kilengeo kinaipita njano mbio kama mwizi, na vidole vinafunguka humohumo njiani. Klika haijalia.

Wengine huachia kabla ugwe haujagusa kidevu. Wenye pinde za kapi hukipiga kitufe cha kifyatuo, kile kifaa kinachoachia ugwe, kama wanaua mbu. Na wapo ambao vidole vyao hukataa kufunguka kabisa hata baada ya klika kulia. Wote ni ukoo mmoja.

Shajara hii ni ya miezi sita au zaidi. Nitaandika hatua inapokwisha, si kila siku. Gharama nitazihesabu kwa vifaa na muda.

10 Januari. Jaribio la "shusha"

Kabla ya dawa nilitaka kipimo. Mwenzangu wa mazoezi alisimama nyuma yangu. Kanuni ni nyepesi: navuta na kulenga. Akinyamaza, naachia kama kawaida. Akisema "shusha", narudisha ugwe taratibu na mshale unabaki upindeni. Amri anaitoa kilengeo kikiwa mlangoni pa njano, na mimi sijui ni mshale upi.

Alitoa amri 10. Nilitii mbili.

Ule wa saba ndio ulionikosesha usingizi. Nilisikia neno likianza, "shu", nikajua maana yake, nikakubaliana nalo kabisa moyoni, kisha nikaviona vidole vyangu vitatu vikifunguka kama vya mtu mwingine. Mshale ukaenda kwenye bluu.

"Ndugu yangu, umenisikia lakini?"

"Nimekusikia."

Hapo ndipo nilipoacha kuiita woga. Sikuwa naogopa chochote. Tulikuwa wawili tu, hakuna matokeo wala watazamaji. Ubongo wangu umefunga fundo kati ya mambo mawili: nikiona njano, naachia. Fundo limekaza kiasi kwamba amri ya kuachia haipiti kwangu tena. Na kile kilengeo kugoma chini ya njano kina mantiki yake ya ajabu. Sehemu fulani ya kichwa inajua kwamba njano ikionekana mshale utaondoka, nami bado sijawa tayari, kwa hiyo inauzuia mkono usifike huko. Kugoma ni breki.

Kipimo hiki nitakirudia kila hatua. Nakushauri uanze nacho, hata kama alama zako bado ni nzuri.

21 Januari. Njia za mkato, zilizoshindwa zote

Naziandika ili usipoteze muda kama mimi. Nyingi nilizijaribu kabla ya kuanza shajara, ya mwisho ni ya wiki hii.

Kuondoa klika: siku nne za raha, siku ya tano nikawa navuta nusu. Klika ilikuwa inanilazimisha angalau kuufikisha mkono kidevuni.

Kusogeza kilengeo, ili nikilenga nyeusi ya chini mshale ugonge njano. Hii ni werevu wa kipumbavu. Ilifanya kazi wiki mbili nzima, kisha fundo likahamia kwenye nyeusi, na sasa nilikuwa na rangi mbili za kuogopa.

Kupiga zaidi. Nilipandisha kutoka mishale 100 kwa siku hadi 180 kwa imani kwamba ni uvivu. Kila mshale uliochomoka kabla ya klika ulikuwa somo jingine kwa vidole. Nilikuwa nafanya mazoezi ya ugonjwa.

Kubadilisha mkono. Nilivuta upinde wa kuazima wa mkono wa kushoto, na kweli, kiwewe hakikuwepo. Lakini ufundi pia haukuwepo. Bernhard Langer, mchezaji gofu Mjerumani, alipopatwa na ndugu wa ugonjwa huu kwenye fimbo ya kusukumia mpira shimoni, alibadilisha namna ya kushika, hata akafika mahali pa kuibana fimbo kwenye kigasha chake kwa mkono mwingine, na akashinda Masters, moja ya mashindano makubwa ya gofu, mara mbili, 1985 na 1993. Kwa hiyo kubadilisha mshiko si upuuzi. Lakini Eric Bristow, bingwa wa dunia mara 5 wa vishale vya kurusha kwa mkono, ugonjwa kama huu ulipomshika mwaka 1986 au karibu na hapo, hakurudi tena kuwa yule wa mwanzo. Nilipojumlisha hao wawili nikaamua kulifungua fundo lenyewe.

4 Februari. Bunda tupu, macho yamefumbwa

Mpango: ondoa njano, ondoa alama, ondoa hata macho. Nasimama mita 2 kutoka kwenye bunda, yaani kile kizuizi kinachopokea mishale, lisilo na karatasi, bunda pana na refu kunizidi, hakuna mtu wala njia nyuma yake. Kilengeo nimekifungua na kukiweka sandukuni. Navuta nikiwa natazama, nahakikisha mshale umeelekea katikati ya bunda, nafumba macho, naendelea kuvuta hadi klika ilie, naachia.

Mishale 40 kwa siku, basi. Siku 14.

Siku ya kwanza nilidhani nimepona, maana klika ililia mara 40 kati ya 40. Siku ya pili nikaelewa kwamba hapa hakuna ugonjwa kwa sababu hakuna njano. Kazi ya hatua hii ni kujenga kitu kingine cha kushika mahali pa njano. Mimi nimechagua kiwiko cha mkono wa kuvuta. Nakisikia kikizunguka kwenda nyuma ya sikio, na moyoni nasema "vuta, vuta, vuta" hadi mlio. Maneno hayo yana kazi: mdomo wa ndani ukiwa na shughuli, haupati nafasi ya kusema "sasa!"

Hitilafu: nilikuwa napiga mishale 6 kwa mkupuo. Ukifumba macho mita 2 kutoka kwenye bunda, mkono wako ni sahihi kuliko unavyodhani. Siku ya tatu mshale uliingia nyuma ya mwingine, ukavunja kishikizo cha plastiki kinachoshika ugwe na kulipasua wano, yaani mti wa mshale. Wiki moja: vishikizo 7, mawano 2. Sasa napiga mitatu tu na kuhamisha miguu hatua moja kila baada ya mshale. Wano likishapasuka hata kwa ufa wa unywele, litupe; likipasukia upindeni linaingia mkononi.

19 Februari. Mabawa mepesi

Nimeshusha mabawa kutoka pauni 36 hadi 24. Niliona aibu, nikalifunika jina la uzito kwa utepe mweusi. Baada ya siku mbili utepe niliubandua mwenyewe, kwa sababu hapa ndipo mradi ulipoanza kwenda.

Kwa pauni 36 nilikuwa na sekunde nne hivi kabla misuli haijaanza kutetemeka, na mtetemeko ni kisingizio kizuri sana cha kuachia. Kwa 24 naweza kukaa na upinde uliovutwa sekunde 15 nikifikiria mambo yangu. Kiwewe kinapenda haraka. Ukikinyima haraka kinajitokeza wazi, nawe unaweza kukitazama.

Jaribio la "shusha" kwenye bunda tupu: 10 kati ya 10. Bila njano lakini, kwa hiyo nisijisifu.

3 Machi. Karatasi iliyogeuzwa

Nimebandika karatasi ya shabaha kifudifudi: nyeupe tupu. Macho wazi, kilengeo kimerudi, mita 3. Hakuna pa kulenga, kilengeo kinaelea juu ya weupe. Mishale 40 kwa siku, wiki moja na nusu. Hakuna la kusimulia ila jambo moja: weupe nao una kitu cha kuvutia macho. Tundu la mshale wa kwanza liligeuka kuwa njano yangu, na kilengeo kikaanza kuligomea. Tundu! Nilicheka peke yangu. Nabadilisha karatasi kila baada ya mishale 9.

16 Machi. Nimeharibu

Entri hii ilipaswa kuhusu hatua inayofuata, lakini ni ya kuungama.

Kulikuwa na mazoezi ya pamoja, watu wanapiga kwa mita 18 na kuandika alama. Nikajisemea nimekuwa mtiifu wiki sita, mshale mmoja hautaniua. Nikarudisha mabawa ya pauni 36, nikasimama mstarini.

Mitatu ya kwanza: 10, 9, 9. Klika ililia yote mitatu. Watu wakapiga makofi. Mkupuo wa pili: 9, 9, 8, klika imelia mara mbili. Wa tatu: kilengeo kikasimama chini ya njano, mahali palepale pa zamani, kama ambaye alikuwa ananisubiri kwenye kiti chake. Sikushuka. Nilipiga 30. Mishale 11 ya mwisho iliondoka bila klika hata mmoja.

Kesho yake nilirudi kwenye karatasi nyeupe, nikakuta hata pale vidole vinaruka. Nilichojenga kwa wiki sita nilikichafua kwa dakika arobaini. Hesabu yangu ni kwamba nilirudi nyuma wiki tatu.

Kosa lilikuwa la alama zaidi kuliko umbali. Nilipoona 10 ya kwanza nilitaka ya pili, na kuanzia hapo nikaacha kusikiliza kiwiko nikaanza kuchunga njano. Tangu leo sihesabu alama hadi Julai. Mwenzangu amechukua daftari langu la alama na hataki kuniambia ameliweka wapi.

30 Machi. Klika kisha kushusha

Wiki mbili hizi zimenifaa kuliko zote, kwa hiyo nizieleze taratibu.

Hata klika inaweza kuwa kiwewe kipya: "tik" inalia na vidole vinaruka kwa kushtuka. Ukitazama, ni fundo lilelile, limehama kutoka jichoni kwenda sikioni. Dawa ni kuvunja uhakika. Mifukoni nina vipande 10 vya karatasi vilivyokunjwa, vitano vimeandikwa A na vitano S. Kabla ya kila mshale natoa kimoja. A: vuta hadi klika ilie, endelea kuvuta, achia. S: vuta hadi klika ilie, endelea kuvuta, hesabu mbili, shusha.

Siku ya kwanza nilifeli S zote tano. Mlio ulikuwa na nguvu kuliko karatasi mfukoni. Nilichogundua ni kwamba uamuzi nilikuwa nauacha uje pale juu, upinde umevutwa. Umechelewa. Siku ya pili nikawa nasema kwa sauti kabla ya kuinua upinde: "Huu nashusha." Nikafaulu tatu. Mwisho wa wiki ya kwanza, tano kati ya tano. Wiki ya pili nikageuza: sichagui mapema, mwenzangu ndiye anayesema baada ya mlio. Hapo ni kugumu. Nimefika 7 kati ya 10.

Tahadhari mbili. Kushusha ni kurudisha ugwe polepole kwa mkono, mshale ukiwa bado umeelekea kwenye bunda. Usiachie ugwe mtupu hata siku moja, mabawa yanaweza kupasuka. Na kushusha kunachosha kuliko kupiga, kwa sababu misuli inafanya kazi kwenda na kurudi. Nilianza na mizunguko 40, bega likalia siku ya tatu. 20 inatosha.

27 Aprili. Madaraja

Njano imerudi, kwa masharti yangu. Nimeanza na karatasi kubwa ya sentimita 122, ile ya mita 70, lakini naitundika mita 5. Duara lake la njano lina upana wa sentimita 24.4. Ukilinganisha na njano ya sentimita 8 ya karatasi ndogo ya mita 18, kwa macho ni kubwa mara 11 hivi. Kilengeo hakina pa kugomea, kimeshazungukwa na njano kila upande. Lengo ni kuizoea rangi hii bila kuachia, kama unavyomzoea mbwa wa jirani.

Kanuni ya kuvuka daraja: siku tatu mfululizo klika ilie kwa kila mshale, na "shusha" angalau 9 kati ya 10. Mita 5, 8, 12, 15, 18, karatasi ileile. Mshale mmoja ukiondoka bila klika, siku hiyo haihesabiki. Mita 5 na 8 zilipita bila neno. Mita 12 zilinichukua siku 11, na sijui kwa nini 12.

11 Mei. Mishale inakwenda kushoto

Kwenye mita 15 mishale yote ilianza kugonga kushoto, sentimita kumi na kitu. Nikaingiwa na hofu kwamba vidole vimeanza ujanja mpya. Nikawa naukaza mkono, nasogeza kilengeo, narudi, nasogeza tena. Siku nne za upuuzi.

Sababu: mabawa ya pauni 24 na mishale iliyochaguliwa kwa pauni 36. Wano ni gumu mno kwa nguvu hiyo, halipindi inavyotakiwa linapoondoka, na kwa anayevutia mkono wa kulia mshale mgumu huelekea kushoto. Kwenye mita 2 huwezi kuliona. Pamoja na hilo, kwa upinde mwepesi nilikuwa navuta nyuma zaidi karibu nusu sentimita bila kujua, kwa hiyo klika ilikuwa inalia mapema kabla kiwiko hakijafika. Nimeisogeza klika na nimekubali kushoto kuwa kushoto. Kilengeo nimekiweka kinapogonga, nikafunga skrubu.

Nilipaswa kuazima mishale laini tangu Februari. Iandike kwenye orodha yako.

22 Juni. Mita 18, karatasi inapungua

Kwa mita 18 nimeshuka kutoka karatasi ya 122 kwenda ya 80, kisha ya 40. Kila nilipopunguza, kugoma kulirudi kwa siku moja au mbili, kwa unyonge. Sasa najua cha kukifanya: kilengeo kikisimama chini ya njano, nashusha. Sipigani nacho wala sikisukumi juu. Nashusha, napumua, naanza upya. Kuna siku nimeshusha mara 14 katika mishale 30, na niliihesabu kuwa siku nzuri.

Mabawa yamepanda hadi pauni 30. Ya 36 nimeyauza. Nilimwambia aliyenunua sababu, akacheka, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama kile kipimo cha "shusha" naweza kumfanyia na yeye.

"Shusha" kwenye njano ndogo: 9 kati ya 10.

13 Julai. Daftari limerudi

Mishale 60, mita 18, mbele ya watu, alama zinaandikwa. 518.

Klika ililia kwa mishale 57. Mitatu iliponyoka, yote kati ya wa 31 na wa 38, mara tu nilipotazama ubao na kuona naelekea juu ya 520. Baada ya hapo nikamwomba mwenzangu anisomee chochote isipokuwa jumla. Nilishusha mara 9. Mara ya mwisho ilikuwa mshale wa 60 wenyewe, muda unayoyoma, upinde umevutwa, kilengeo ndani ya njano kimetulia kabisa, na kile kitu kikasema "sasa!" Nilishusha kwa sababu si mimi niliyesema. Nikavuta tena, "vuta, vuta", tik. Ilikuwa 8.

Gharama hadi leo: vishikizo 9, mawano 3, ugwe mmoja ambao haukuwa na kosa, mabawa mapya mara mbili, msimu mzima bila mashindano, siku 20 hivi zilizopotea kwa ukaidi wa 16 Machi.

Kesho naanza mita 30 kwa karatasi ya 122. Vipande vya A na S bado viko mfukoni.